Ndoo ya Vitumbua na Pua ya Mashine

Jumatatu, 7 Julai 2025

Aibu! Naanza na neno hilo maana ndilo nililoamka nalo. Leo asubuhi sheikh wa msikiti wetu amepita mbele ya meza ya vitumbua ya mke wangu Zuleica. Akamsalimia vizuri, akauliza hali ya binti yetu Laila, akavuka barabara, akanunua vitumbua kwa mshindani wetu, Nasrin. Sheikh mzima! Mbele ya macho yangu! Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Niseme ukweli, humu hasomi mtu. Vitumbua vya Zuleica siku hizi havifai. Si kosa lake. Kusi linavuma, Palma ina baridi, unga unalala kwenye ndoo na asubuhi unaukuta vilevile, umenuna. Ukiukaanga unapata vitu bapa, vigumu, vya kutia chini ya mguu wa meza inayocheza. Vya Nasrin vinavimba. Sijui anafanyaje. Wazee wake walihamia hapa kutoka Mtwara, basi anajigamba kwamba vitumbua vililetwa Palma na bibi yake. Uongo mtupu! Leo amenipungia mkono niende nikaonje. Nimekataa kwa heshima. Harufu imenifuata mpaka kazini.

Lakini kichwa hiki hakikuumbwa bure. Pale maabara ya mifugo tuna incubadora mpya. Kabati jeupe, mlango mzito, ndani joto la mwili wa mtu, mchana na usiku. Imeletwa kukuzia vijidudu vinavyowaharibia mbuzi mimba, na vijidudu hivyo havikui mpaka vipewe joto pamoja na gesi kidogo, ileile inayotoa povu kwenye soda. Mpaka leo haijatiwa kijidudu hata kimoja. Safi kuliko jiko langu. Imewashwa tu, inasubiri wageni kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu hapa Msumbiji, waje kuikagua wiki ijayo. Joto lote lile linapotea bure!

Ufunguo wa chumba anao Gildo, mwenzangu wa kazi, mtu wa Mueda, mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa. Doutora Kátia, mkubwa wetu, amemkataza kumpa mtu yeyote. Nimemwambia Gildo nataka kufuta vumbi tu. Akasitasita. Nikamwambia vumbi ni jingi, ufunguo nitamrudishia kesho. Akanipa.

Zuleica ameuliza ndoo yake inakwenda wapi. Nimemwambia kazini, kwenye mashine ya joto, na doutora mwenyewe ametoa ruhusa kwa moyo mkunjufu. Hilo la mwisho nimeliongeza ili alale kwa raha.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi! Nimewahi kazini kabla ya watu. Nimefungua mlango, unga umepanda mpaka ukingoni, unapumua. Nimeubeba nyumbani huku nimeufunika kwa koti la kazi. Vitumbua vimetoka vya duara, laini, vimejaa kiganja. Havikuona jua la saa tatu. Sheikh amekula vitatu akiwa amesimama. Nimemtazama Nasrin ng'ambo ya barabara, nikainua mkono, nikamwita aje aonje.

Amekuja! Amekula, akatikisa kichwa, akauliza tunatumia hamira gani. Nikamwambia ni elimu. Zuleica amecheka mpaka ameshika kiuno. Siku nyingi sijamwona akicheka hivyo.

Ufunguo bado ninao, na usiku huu nitaongeza hamira maradufu. Nataka Nasrin afunge meza.

Jumatano, 9 Julai

Lahaula! Yarabi! Sijui nianzie wapi.

Nimefika nikasikia mashine inalia tangu nje. Pii, pii, pii. Nimefungua mlango. Ndoo imetema kila kitu. Unga umeshuka rafu kwa rafu, umeingia kwenye feni, feni imeurusha kila kona. Mbaya zaidi, umeingia puani. Mashine hii ina kitu cha ukubwa wa kidole kimoja, nyuma kabisa, kinachonusa gesi na kuiambia mashine iongeze au ipunguze. Wenyewe wanakiita sensor. Mimi nakiita pua. Pua imezibwa na unga wa mchele, hamira na iliki.

Bahati Doutora Kátia yuko Diaca na mbuzi wake mpaka Ijumaa. Nimefuta, nimesugua, nimekwangua. Kioo cha mashine kilichokuwa kinaonyesha kiasi cha gesi sasa kinaonyesha vistari tu. Nimekipigapiga kwa kidole. Vistari.

Nimemrudishia Gildo ufunguo. Akaniuliza kama nilifuta vumbi tu. Nikasema vumbi tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekumbuka kwamba ndimu hukata kila kitu. Nimemwomba tena Gildo ufunguo. Safari hii amesema hapana, lakini ameniruhusu niingie naye. Nikamwambia naona pua imefanya ukungu, acha niisaidie. Nikaikamulia ndimu. Vistari vikazima kabisa.

Gildo amekaa kwenye kiti. Amesema mkataba wake unaisha mwezi huu, na kwamba juzi tu amewarudisha wanawe kutoka Nampula, walikokimbilia siku zile mbaya za vita, kwa kuamini kuwa kazi ipo. Hakunilaumu. Alikuwa anasema tu, kama mtu anayesema na ukuta. Nimemwambia asiwe na hofu, mano, ndugu yangu, mimi nipo.

Mimi nipo! Hasa hilo ndilo tatizo lake.

Ijumaa, 11 Julai

Doutora amerudi. Ameingia chumbani, akatazama mashine, akavuta pumzi, akauliza kwa nini panatoka harufu ya keki. Nikamjibu kwamba mashine mpya zote hunukia hivyo, ni mpira unaoungua. Mdomo wangu huu utaniua.

Kisha akauliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Gildo akasema kwake. Nikasubiri aseme kwamba alinipa mimi. Hakusema. Amekatazwa kumpa mtu, akisema anajitia makosa mawili. Basi akanitazama, akaniachia nafasi. Nafasi kubwa! Ungeweza kupitisha ng'ombe. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kimoja kina tundu, sikuwahi kuliona.

Doutora amesema ataomba pua nyingine Pemba, na pamoja na ombi hilo ataeleza nani aliharibu. Mkataba wa Gildo utangoja mpaka wageni waondoke. Anasema kwa sauti ya chini, kwa Kireno kizuri cha Beira, na kila neno limenichoma.

Msikitini leo sheikh amehutubu juu ya amana. Nilikuwa safu ya mbele. Nikajifanya nasinzia.

Lakini nina mpango! Nikipata pua nyingine kabla ya ile ya Pemba, naiweka kimyakimya, mashine inapona yenyewe, hapana kosa, hapana mkosaji. Nimempigia Kurwa. Kurwa ni ndugu wa Zuleica, anavusha biashara Namoto, mpakani, kutoka Mtwara anakuletea chochote, hata jino. Nimemtumia picha. Amejibu palepale kwamba shemeji, hicho ni kidogo, niende Jumapili.

Jumapili, 13 Julai

Namoto. Kurwa amenipokea kwa bashasha, amenipa chai, akanitolea kijisanduku cha plastiki chenye taa nyekundu. Nikamwambia hiki sicho. Akasema ndicho chenyewe, kinanusa gesi, kimetoka jikoni mwa hoteli moja ya Mtwara na kinalia gesi ikivuja. Nikamweleza kuwa gesi ya kupikia ni nyingine, ya mashine ni nyingine. Akasema shemeji, gesi ni gesi, usijifanye msomi. Nikakichukua. Ningefanyaje, nirudi mikono mitupu?

Njiani tumekaa nyuma ya gari la mizigo. Mama mmoja alikuwa na mtungi wake wa kupikia, na bila shaka ulikuwa unavuja, maana kwenye kizuizi cha askari mkoba wangu ukaanza kulia. Pii, pii, pii! Katika mkoba! Mbele ya askari! Watu wote wakaruka. Wengine wakaingia porini. Mzee mmoja akaanza shahada kwa sauti. Mimi nimelazwa kifudifudi kwenye mchanga, nikaulizwa kuna nini ndani. Nikasema ni pua.

Jibu hilo halikusaidia.

Mwishowe wamekifungua, wamekicheka, wamenirudishia. Yule mama wa mtungi amenishukuru, amesema angeweza kufika nyumbani akawasha kiberiti. Ndiye mtu pekee aliyefaidika na mipango yangu wiki hii. Nimempa kijisanduku akae nacho.

Nimefika nyumbani na mchanga mdomoni. Zuleica ameuliza kwa nini unga hauendi tena kwenye mashine ya joto. Vitumbua vya leo vimerudi bapa. Nikamwambia mashine imepumzishwa kidogo. Akasema basi siku moja ni lazima aje kumshukuru doutora kwa zile siku mbili, haipendezi mtu akutendee wema ukae kimya. Nikasema ndiyo, siku moja.

Jumatatu, 14 Julai

Pua ya kweli imefika kwa ndege kutoka Pemba. Imelala kwenye sponji ndani ya kisanduku chake, na karatasi ya maelekezo. Doutora ameuliza nani kati yetu anaweza kuifunga, maana fundi hana nafasi na wageni wanaingia Jumatano.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nimesema mashine za namna hii nimezizoea. Nimezizoea! Kitu pekee nilichowahi kufungua ni redio ya baba, na haikuimba tena. Lakini niliwaza hivi: nikiifunga vizuri, doutora atafurahi, akifurahi atasahau, akisahau Gildo atapata mkataba, na mimi sitakuwa na haja ya kusema neno. Nimeona hesabu imekaa sawa.

Doutora amesema sawa, kesho, mimi na Gildo.

Jumanne, 15 Julai

Nimefanya kazi! Acha niandike maana leo nastahili.

Nimezima mashine. Nimefunga mtungi wa gesi. Nimetoa rafu zote, nikafungua bati la nyuma, nikaifikia pua ya zamani. Gildo alishika tochi. Nimelegeza kola yake, ile pete inayoishika, polepole, nimeichomoa. Ilikuwa imeganda unga mkavu, na harufu ya iliki ikatoka kama mtu amefungua kopo. Nikaitia mfukoni haraka. Gildo alinusa mara mbili.

Pua mpya nimeishika kwa glavu, uso wake sikuugusa, kama karatasi inavyotaka. Nimeiingiza, nimekaza kola, nimechomeka waya. Nimewasha. Vistari vimeondoka! Namba! Namba zimerudi! Nilitaka kumkumbatia Gildo nikaogopa.

Ilibaki hatua moja tu. Pua mpya haijui hewa safi ni ipi, ni lazima uioneshe. Unaiacha ipate joto kwa muda, unafungua mlango iingie hewa ya kawaida, kisha unabonyeza kitufe, na mashine inaamini kuwa hiyo ndiyo hewa isiyo na gesi. Kuanzia hapo inapimia hapo.

Wakati tunangoja ipate joto nikaingiza kichwa ndani. Loo! Inanuka. Unga uliochacha, umejificha kwenye feni. Nimefuta kwa spiriti, bado. Wageni watanusa, watauliza, na safari hii mpira unaoungua hautanisaidia. Nikamkumbuka mama. Mama chombo chochote kikinuka alikifukiza. Mtungi wa maji, kabati la nguo, vitambaa vya kapulana anavyojifunga bi harusi, vyote vilipita kwenye moshi wa udi na vikatoka vinanukia. Sasa kabati la nguo na hii mashine vina tofauti gani? Kabati ni kabati.

Nimemwambia Gildo aende akale. Nimekimbia nyumbani, nimechukua chetezo cha Zuleica, mkaa wa moto, udi na ubani kidogo. Nimekiweka ndani ya mashine, rafu ya chini, nikafunga mlango. Moshi ulizunguka vizuri kweli, feni ilisaidia. Nikasoma na fatiha. Baadaye nikasikia viatu vya Gildo barabarani. Nikafungua, nikatoa chetezo, nikakificha chini ya meza, nikabonyeza kitufe palepale kabla hajaingia. Kioo kikaandika sifuri. Sifuri safi kabisa!

Kisha tumefungulia gesi, namba ikapanda mpaka tano, ikatulia hapo, kama inavyotakiwa. Doutora amekuja, ametazama tano, amenipa mkono. Amesema kazi nzuri, senhor Rafique. Gildo alikuwa mlangoni. Doutora hakumpa mkono.

Nilifurahi mpaka nyumbani. Nikiwa nakula furaha ikaisha, sijui kwa nini. Nimeacha chakula.

Jumatano, 16 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni wameingia asubuhi. Mkubwa wao ni engenheiro Armando, mhandisi mrefu kutoka kusini, hajui neno la Kiswahili. Amefungua mashine, amenusa, akasema inanukia kama kanisa siku ya Pasaka. Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha akatoa kipimo chake, kitu kidogo chenye mrija. Akaingiza mrija ndani. Kioo cha mashine kinasema tano. Kipimo chake kinasema karibu mara mbili. Akarudia. Vilevile. Akauliza hii pua ilioneshwa hewa gani. Akapitisha kidole kwenye rafu ya chini, kidole kikatoka na majivu. Akakitazama kidole kwa muda mrefu.

Akaeleza polepole, na mimi nikaelewa huku nazama. Mkaa ukiwaka unatoa gesi ileile. Kabati lilikuwa limejaa, nami nikabonyeza kitufe humohumo, nikaiapisha mashine kuwa moshi ule ndio hewa safi. Tangu hapo inaona gesi ni pungufu, inaongeza tu. Wangetia vijidudu humo, kazi ya mwezi mzima ingekuwa bure, na watu wa mbuzi wangepewa majibu ya uongo.

Doutora akauliza nani alibonyeza kitufe. Nikasema tulikuwa wawili.

Wawili! Wallahi, nimelitamka neno hilo. Gildo alikuwa anakula maharage!

Doutora akamgeukia Gildo. Akasema ufunguo ni wake, mashine imeharibika mara mbili mikononi mwake, basi kuhusu mkataba asijisumbue tena. Hakupiga kelele. Gildo akavua kamba ya ufunguo shingoni, akauweka mezani. Nikafungua mdomo.

Hapo mlangoni ikasikika hodi.

Zuleica! Kapulana mpya, uso umepakwa msiro, ule urembo mweupe wa mti, sinia kichwani limefunikwa kitambaa cheupe. Amesikia kuna wageni, akaona leo ndiyo siku. Akaweka sinia mezani, akampa doutora mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaanza kwa Kiswahili chake kizuri cha adabu. Akasema ahsante sana doutora kwa wema wako. Ahsante kwa kumruhusu mume wangu alaze ndoo yangu ya unga ndani ya mashine yako. Siku zile mbili unga uliumuka, hatujapata kuona. Mungu akulipe. Na ile siku ndoo ilipomwagika utusamehe, nilimwona alivyorudi na koti limejaa unga, nikajua tumekuchafulia.

Doutora akatabasamu, hakuelewa hata neno. Akamgeukia Gildo, akamwomba atafsiri.

Gildo ameelewa kila kitu. Niliona uso wake unavyoelewa, kipande kwa kipande: vumbi, ndimu, iliki. Angeweza kusema. Maneno machache tu na mkataba wake ungerudi. Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Akasema kwa Kireno kwamba huyu ni mke wa mano Rafique, atafsiri mwenyewe.

Wote wakanigeukia. Nikasema anawakaribisha wageni Palma.

Zuleica si mjinga. Amesoma mpaka darasa la saba, Kireno anakisikia. Akanikunjia uso, akauliza mbona nimefupisha, yeye ameshukuru kirefu. Akaanza upya, kidogokidogo, ili nisichoke. Doutora yuko hapa. Gildo yuko hapa. Ufunguo uko mezani. Mke wangu anashukuru kwa ruhusa ambayo haikuwahi kutolewa, anashukuru kwa moyo wake wote, na ananiangalia akiamini namtafsiria.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Ruhusa, ndoo, unga kuumuka. Nilipofika kwenye ndoo kumwagika masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikaongeza ndimu mwenyewe bila kuulizwa. Nikaongeza chetezo. Nikasema Gildo alinipa ufunguo kwa sababu nilimwambia nafuta vumbi, na kwamba kitufe nilibonyeza mimi, peke yangu. Nikatoa pua ya zamani mfukoni, maana tangu jana ilikuwa humo, nikaiweka kando ya sinia.

Engenheiro Armando akafunua kitambaa, akachukua kitumbua, akauma. Akatafuna kwa kazi. Akauliza kama hiki ndicho kilichotoka kwenye mashine. Nikasema hapana, ndiyo maana ni bapa.

Zuleica hakuelewa yote lakini alielewa uso wa doutora. Akauliza kwa sauti ndogo, kwani hakutoa ruhusa? Akajifunika kapulana mpaka machoni, akatoka. Sinia aliliacha. Mke wangu ametembea Palma yote kwa aibu isiyo yake.

Doutora amemwomba Gildo radhi mbele ya wote, amemvisha ufunguo mwenyewe, na mkataba ataupata. Mimi siruhusiwi tena kuingia chumba kile. Kuanzia kesho nasafisha banda la mbuzi. Hakunifukuza, anasema kwa sababu nilisema mwenyewe. Nilisema mwenyewe! Angejua.

Mchana Gildo amefungua madirisha yote, amepitisha hewa ya baharini, akabonyeza kitufe. Kipimo na kioo vimekubaliana.

Jumamosi, 19 Julai

Bandani. Mbuzi wananitazama nikiandika, nao naona wameshasikia habari.

Zuleica anazungumza na mimi kwa kupitia masufuria. Sufuria likiwekwa kwa kishindo ni chakula tayari. Likiwekwa taratibu ni hakuna. Jana nimemwomba radhi. Akasema hakuumia kwa mashine wala kwa ndoo, ameumia kwamba alipiga goti kwa shukrani ya uongo, na mimi nimesimama pale namtazama. Nimeapa mbele yake, na mbele ya Laila, kwamba yamekwisha.

Kisha aibu nyingine. Nasrin ametuletea sahani ya vitumbua, bure, kwa huruma! Akamwambia Zuleica siri yake kabisa, bila kuombwa: anaifunga ndoo kwa blanketi na kuiweka karibu na mafiga. Basi! Blanketi! Zuleica amefurahi. Mimi nimekaa kimya kwa heshima ya mgeni, lakini jamani, mtu wa maabara, niliyefunga pua ya incubadora kwa mikono yangu, nifunike ndoo kwa blanketi? Kila bibi hapa mjini angeweza kufanya hivyo.

Leo asubuhi nimewaza kwa utulivu kabisa. Gari la doutora limerudi tena kutoka Diaca. Nimeweka kiganja juu ya boneti. Joto zuri sana, la wastani, halina moshi, halina pua, halina kitufe. Linapotea bure! Zuleica akiona unga umeumuka atanisamehe, hilo nina hakika.

Funguo za gari sasa anazo Gildo, maana doutora amempa na kazi ya udereva. Nimekwenda kwake. Nimemwambia, mano, nataka kufuta vumbi tu. Alinitazama sana. Nikamwambia nimebadilika, anaujua moyo wangu, si nilisema kweli mbele ya wote? Akazitoa mfukoni. Akasema ananiamini.

Ndoo imekaa vizuri chini ya boneti, pembeni ya betri, nimeifunga kwa kamba na kifuniko juu. Funguo nimezirudisha haraka, tena zimefutwa. Hamira nimetia kawaida. Sawa, nimezidisha kidogo.

Doutora anaita uani. Anasema kuna mbuzi wametupa mimba Nhica do Rovuma, waende sasa hivi. Gildo anajibu ndiyo doutora, anakimbia, nasikia anacheka kwa furaha ya kazi mpya. Milango inafungwa. Gari linawaka.

Ni lazima nikawaambie. Nakwenda. Nitasimama mbele ya gari, nitainua mikono, nitasema yote, na safari hii sitangoja mtu wa kutafsiri.

Acha tu nimalize kuandika hapa.

Wametoka getini.